Bana Kwenye Kabati, Usibane Kwenye Waya

Kizimba changu cha kwanza cha panya wa kufuga kilidumu siku tatu. Nilikitengeneza kwa boksi la mbao na waya wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, kwa kuwa ndio uliokuwa umebaki stoo na machoni pangu waya ni waya. Usiku wa tatu nikasikia kitu kinatembea juu ya pazia. Nilipowasha taa, Nukta alikuwa ameketi kwenye fimbo ya pazia ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia. Mwenzake, Sufuri, hakuonekana hadi asubuhi. Alikuwa amelala ndani ya kiatu changu, na kamba za kiatu hazikuwapo tena.

Tangu siku hiyo nimejenga vizimba vingine vitatu, vyote kwa vitu vya kuokoteza, na kila nikisikia mtu anasema kizimba cha kujitengenezea ni cha watu wasio na uwezo, nacheka. Kikijengwa vizuri huwa kikubwa na imara kuliko vingi vya dukani. Ila unafuu wake unapatikana mahali pamoja na si pengine. Kabati okota. Rafu okota. Bawaba ng'oa kwenye mlango uliotupwa. Vitambaa, mabomba, vikapu, vyote vya bure. Waya nunua, tena nunua ule mzuri, hata kama utamaliza hela ya mwezi.

Sababu ni meno. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na gamba la upande wa mbele lina madini ya chuma. Ndiyo maana panya mzima mwenye afya ana meno ya rangi ya chungwa, si meupe. Mnyama mwenye nyenzo hiyo mdomoni, na usiku mzima wa kazi, waya wa kuku kwake ni uzi. Wala hahitaji kuukata. Anauvuta, unapinda, tundu linapanuka, kichwa kinapita. Kikipita kichwa, mwili unafuata.

Unachotaka ni wavu wa chuma uliochomelewa kila nyuzi zinapokutana, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, yaani sentimita 1.27, na unene wa waya wa karibu milimita 1. Najua vizimba vingi vya dukani vina nafasi ya sentimita 2.5 kati ya fito. Hiyo inamzuia dume mzima aliyenenepa. Jike mchanga wa wiki sita atatoka humo bila hata kupunguza mwendo.

Wavu huo kwa kawaida umepakwa zinki. Wapo wafugaji wasioutaka kabisa, na hoja yao ina uzito: mkojo unaushambulia, unashika harufu, na baada ya muda unaanza kutu. Mimi nausugua kwanza kwa siki na maji kuondoa chembe za zinki zilizolegea, nausuuza, naukausha, kisha naukubali kwamba utabadilishwa siku moja. Ukiupata uliovikwa plastiki ni bora zaidi kwa harufu, mradi wanyama wako si wale wanaobandua plastiki kwa mazoea. Sufuri alikuwa hivyo. Nilipoona vipande vya kijani sakafuni, niliung'oa wote.

Kwa nini kabati? Kwa sababu kuta tatu, sakafu na paa tayari vimeshajengwa na fundi aliyejua kazi. Toa milango, iweke kando utaihitaji. Kata dirisha kubwa ubavuni na jingine mgongoni, hewa ipite kutoka upande hadi upande. Hapa sina mjadala: tangi la kioo, hata ukilipata bure, liache. Mkojo wa panya unatoa amonia, na amonia ikituama inachokoza mapafu. Panya wengi wa kufuga wanabeba bakteria wa Mycoplasma pulmonis hata wakionekana wazima, na hewa chafu ndiyo inayowaamsha bakteria hao. Ukianza kusikia panya anapiga chafya mfululizo na pua inatoa majimaji mekundu, usidhani ni damu. Ni rangi inayotoka kwenye tezi za machoni anapoumwa au kusumbuka. Lakini mpeleke kwa daktari wa wanyama, na kizimba nacho kikague.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: wavu unafungwa upande wa ndani wa fremu, si wa nje. Panya hawezi kuuma ubao ulio tambarare. Meno hayapati pa kushika. Anahitaji ukingo. Ukifunga wavu kwa nje, kila dirisha ulilokata limempa kingo nne za kuguguna, na mwezi hauishi dirisha litakuwa na umbo jingine. Ukifunga kwa ndani, kingo zinabaki upande wako. Usitumie pini za stepla peke yake, zinang'oka kimoja kimoja kama meno ya mtoto. Tumia skrubu fupi zenye washa pana, kila sentimita 8 au 10, kisha funika ncha za waya kwa ufito mwembamba wa chuma au bati lililokunjwa. Ncha hizo ni kali. Zipige tupa kwanza, na vaa glavu, mkono wangu wa kushoto una alama mbili za siku niliyoona glavu ni usumbufu.

Sakafu isiwe ya wavu. Panya anayetembea juu ya waya kila siku anaweza kupata vidonda vya nyayo, vinavimba na kupona kwake ni kazi. Hata ngazi na rafu ziwe na uso mzima. Tatizo la mbao ni kwamba panya huacha matone ya mkojo anapotembea, hasa madume, ni namna yao ya kuandika "nilipita hapa". Mbao tupu hunywa matone hayo na hazitoi tena. Zipige msasa, kisha vanishi ya maji mikono mitatu, kila mkono ukauke vizuri kabla ya mwingine, na kizimba kikae wazi siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa kabla hujaingiza mtu. Mimi siku hizi nina njia moja: naweka trei pana ya plastiki au ya bati juu ya sakafu, natoa, naosha, narudisha. Pembe za trei zikianza kuliwa, natafuta nyingine.

Nifike kwenye mlango, maana hapa ndipo watu huharibu kazi nzuri. Mlango mdogo ni mtego, na anayenaswa ni wewe. Kizimba utakisafisha mara mamia. Kila kona ambayo mkono wako haufiki itanuka, na kizimba kinachochosha kusafisha hakisafishwi. Upande wote wa mbele uwe mlango. Zile fremu za milango ya kabati ulizoweka kando, toa ubao wa katikati, weka wavu, zirudishe kwenye bawaba zilezile. Makomeo yawe mawili kwa kila mlango, juu na chini. Komeo moja la katikati linaacha kona zinazosukumika, na panya huzipima kona zote kila usiku kama mlinzi.

Mlango wa mbele una faida nyingine. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwa mnyama mdogo, ni mwewe. Unaoingia kwa mbele, usawa wake, ni rafiki anayebisha hodi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Jaak Panksepp alionyesha kwamba panya wakitekenywa hutoa sauti za kilohezi 50 hivi, juu mno kwa masikio yetu, na baadhi yao huufuata mkono wasitake uache. Siwasikii wangu, lakini nawaona wanavyopanga foleni mlangoni.

Chini ya milango hiyo acha ubao wa kuzuia takataka, kimo cha sentimita 15 hivi, usiopigiliwa misumari. Uchomeke kwenye mifereji miwili ili uuvute juu siku ya usafi na kufagia kila kitu moja kwa moja kwenye ndoo. Nilikaa miaka miwili nikichota takataka kwa kikombe juu ya ubao uliopigiliwa. Miaka miwili!

Ukubwa: kanuni inayozunguka miongoni mwa wafugaji ni futi 2 za ujazo kwa kila panya, kama lita 57. Kabati langu lina upana wa sentimita 90, kina cha 45 na kimo cha 120, yaani lita 486, na kwa hesabu hiyo lingebeba wanane. Mimi naweka wanne. Kimo kinadanganya hesabu; mnyama anaishi juu ya sakafu na rafu, si hewani. Na hao wanne wawe wa jinsia moja, au madume wawe wamehasiwa, la sivyo utajenga kizimba kingine kabla vanishi ya hiki haijakauka. Mmoja peke yake sishauri kamwe. Panya ni wa kundi, na aliye pweke hunyong'onyea. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuwapa wanne kona moja ya ubao laini.

Ndani usihangaike. Panga rafu ili asiwe na mahali pa kuanguka zaidi ya sentimita 30 hivi bila kitu cha kumpokea, maana macho yao ni dhaifu, hasa weupe wenye macho mekundu, ambao utawaona wanapepesua kichwa kabla ya kuruka. Mguu wa suruali kuukuu ukifungwa pembe nne unakuwa machela ya kulala, nao wataipenda kuliko chochote cha kununua. Maranda ya mwerezi achana nayo, na ya msonobari mabichi pia; mafuta yake ya harufu yanachosha mapafu na ini. Karatasi zilizochanwa au vitambaa vinavyofulika vinatosha. Kizimba kiwe mbali na jua la dirishani, kwani panya hajipozi kwa jasho. Sehemu ya joto lake hulitolea mkiani, na mkia huo una kikomo.

Mtu ataniuliza: kwa nini utumie wikiendi mbili kumjengea nyumba mnyama anayeishi miaka miwili, mitatu akibahatika? Nukta na Sufuri walishakufa, na kabati lile lile linakaa kundi la pili sasa. Nilibadilisha trei na wavu wa dirisha la nyuma, basi. Kwa miaka mingi ya kazi, ule waya niliolalamikia bei yake ndio kitu cha rahisi kuliko vyote nilivyowahi kununua kwa ajili yao.

Kona ya juu kushoto, pale rafu inapokutana na ukuta, imeanza kuliwa. Nimeona leo asubuhi unga mwembamba wa mbao juu ya machela. Kipande cha bati kipo, skrubu zipo. Jumamosi nikiwatoa nje kucheza nitakibandika.