Anga tunalo, kilichobaki ni chaneli

Nimeishi Manchester, Uingereza, muda wa kutosha kulisema hili bila kusita: kwa mtu anayependa dishi, anga la Kisumu na Nakuru linalishinda la huku kwa mbali. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia, ndiyo maana hazionekani kuhama. Nasi ikweta hiyo inatupitia mlangoni. Setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv, televisheni ya kulipia, huitumia, inakaribia kabisa utosi wa mtu aliyesimama Nakuru mjini.

Huku, setilaiti za nyuzi 28.2 mashariki zinazobeba Sky, ya kulipia, na Freesat, ya bure, ziko kusini-mashariki, nyuzi kama 23 tu juu ya upeo wa macho. Siginali inakuja kwa mshazari, zaidi ya kilomita 39,000. Mti wa jirani ukirefuka, picha inakwenda. Anayeishi upande wa kaskazini wa ghorofa hana pa kuelekeza dishi hata awe na pesa. Kisumu mwembe ukiota kando ya nyumba hauna shida, labda uwe umefunika paa lenyewe.

Kisha kuna mafundi. Fundi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, anapanda juu ya mabati na spana mbili, mtu yuko ndani akitazama kioo, mwingine mlangoni akipaza sauti: "Rudisha kidogo! Hapo! Usiguse tena!" Muda mfupi picha imekaa. Wapo wanaofunga LNB mbili (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea siginali) kwenye dishi moja ili kunasa setilaiti mbili, na wapo wanaotoboa tundu dogo chini ya dishi kubwa la C-band (masafa ya chini yanayotaka dishi pana) kwa sababu linatazama juu moja kwa moja na mvua hulijaza maji. Hilo la tundu nikiwasimulia watu wa huku wanashangaa, kwa kuwa madishi yao yamesimama karibu wima ukutani. Ujuzi huo umejifunzwa juu ya paa, na mimi nauheshimu kuliko vyeti vingi.

Mvua ndiyo inayotuonea. Manyunyu ya Manchester hushinda kutwa na picha haitikisiki, lakini ngurumo za jioni za upande wa ziwa zinakata masafa ya Ku, yale ya madishi madogo ya nyumbani, hadi wingu lipite. Hilo halina dawa kamili, ingawa dishi la sentimita 90 linavumilia zaidi kuliko dogo. Jua nalo lina zamu yake. Kwetu hupita nyuma ya setilaiti siku za karibu na 21 Machi na 23 Septemba, na picha huharibika kwa dakika chache. Uingereza hilo hutokea mapema Machi, kisha Oktoba. Ukiijua kalenda hiyo hutamlipa fundi bure siku hizo.

Sasa niseme linaloniuma. Anga zuri tunalo, mafundi tunao, lakini mama yangu kijijini dikoda yake ikiisha malipo ya mwezi anabaki na kioo cheusi. Huku Freesat ilianza 2008: unanunua kisanduku mara moja, unapata BBC, ITV na Channel 4 bila malipo ya kila mwezi. Kwa haki niseme pia kwamba anayetazama televisheni ya moja kwa moja hulipia leseni ya kila mwaka, iliyokuwa pauni 174.50 kuanzia Aprili 2025. Lakini mtu wa bondeni Wales, ambako antena ya kawaida haishiki, hupata taarifa ya habari sawa na mtu wa London. Afrika Kusini nayo ina OpenView, ya bure kwa dishi, tangu 2013.

Sisi tulihamia dijitali 2015. Wengi wanakumbuka Februari ile Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa wiki karibu tatu katika mvutano wa kuhama. Tuliambiwa picha itakuwa safi, na kweli ni safi pale mnara unapofika. Nyuma ya vilima vya Nandi, au kwenye mabonde ya miteremko ya Elgon, mawimbi ya ardhini hukwama kwa sababu hayapiti mlima. Siginali inayoshuka kutoka utosini haina kilima cha kuizuia. Kwa hiyo naona ajabu kwamba Wakenya wa sehemu hizo ndio wanaolazimika kulipa kila mwezi ili wasikie habari za nchi yao.

Ninachodai ni kifurushi kimoja cha taifa: chaneli zote za bure za Kenya, na redio za lugha zetu, kwenye setilaiti moja, bila kadi wala kufungiwa. Madishi tayari yako juu ya mapaa, hata ya nyumba ambazo zimeacha kulipia. Kukodi nafasi kwenye setilaiti ni gharama, na vituo pamoja na serikali wakae wagawane, kwa kuwa vituo vinauza matangazo ya biashara kwa watazamaji haohao. Kwa mama yangu kazi itakayobaki ni ya nusu saa: fundi ageuze dishi, atafute chaneli, ashuke.