Kimenuka! Kumbe hakuna hata harufu

Jana nimeteketeza MB zangu kwa ujinga. Nimekutana na video YouTube, kichwa chake herufi kubwa tupu: "KIMENUKA! STAA AANGUA KILIO, NDOA CHALI!" Picha ya mbele ina mshale mwekundu, duara, na msanii machozi yanamtiririka. Mimi na umbea wangu, nikabonyeza.

Dakika 3 za mwanzo jamaa anatuomba tugonge kengele. Halafu anasimulia maisha ya msanii tangu anaimba kwaya. Halafu tangazo. Dakika ya 7 ndipo anauliza: "Je, ni kweli wameachana? Tuandikie maoni yako hapo chini." Yaani nimjibu mimi! Na kile kilio? Kimekatwa kwenye video ya msiba wa zamani huko.

Siri yao naijua. Tangu 2020 YouTube inaruhusu matangazo ya katikati kwenye video kuanzia dakika 8, basi habari ya sekunde 10 inavutwa kama unga wa chapati mpaka zitimie.

Enzi za magazeti ya udaku kama Risasi na Ijumaa Wikienda chumvi ilikuwepo, sikatai, ila kichwa cha habari ulikisoma bure kwa muuza magazeti, ukaondoka zako umeshiba.

Na wasanii nao! Wiki ijayo utasikia wimbo mpya umetoka, na "walioachana" wamo humo wanacheza kimahaba. Kiki tupu.

Dada kaniuliza, "Kwani wameachana?" Nimemwambia asubiri, sehemu ya pili inatoka leo saa 2 usiku.