Pasi ya Tanzania, kura ya Smethwick

Tarehe 4 Julai 2024, saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla sijaingia zamu ya usiku ghalani, nilipita kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Cape Hill, hapa Smethwick, Uingereza, kupiga kura. Mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma ya meza aliniomba kitambulisho. Nikampa pasi yangu ya Tanzania, ile ya bluu yenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu. Akafungua ukurasa wa picha, akaniangalia usoni, akateremsha rula taratibu kwenye orodha mpaka ikatua kwenye jina langu. Akalikata mstari, akanipa karatasi. Wino wa kidoleni hakuna. Penseli ya kupigia kura ilikuwa imefungwa kwa uzi ndani ya kibanda, na kwa kuwa mimi natumia mkono wa kushoto uzi haukunitosha, ikabidi nisogee upande.

Mimi si raia wa Uingereza. Nimebeba boksi huku miaka 11, na uraia wao sijauomba kwa sababu nikiuchukua nitaupoteza wa nyumbani. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Lakini sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali kujiandikisha na kuchagua mbunge, na pasi ya nchi yake inakubalika kama kitambulisho kituoni. Kwa hiyo kwa pasi hii namchagua mbunge wa Smethwick. Mbunge wa Ileje, kwetu, siwezi kumchagua nikiwa huku. Wala rais wa nchi iliyonipa pasi hiyo. Mpaka nipande ndege.

Jambo hili linaniuma, sifichi. Na ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za jimbo ninalopigia kura, maana nilitaka kujua watu hawa wamewezaje kumwamini mgeni kiasi hiki. Nikakuta kwamba si zamani sana walipigiana kura kwa sababu ya wageni hasa.

Smethwick ni mji uliogandana na Birmingham. Huwezi kujua umevuka lini kutoka mmoja kwenda mwingine. Ulijengwa na viwanda: vya kuyeyusha chuma, vya vioo, na kile cha mizani za Avery. Wazee wa kwetu wanaozijua mizani za kupimia kahawa watalikumbuka neno hilo AVERY lililochomoza kwenye chuma. Utotoni nililisoma kila msimu wa kahawa bila kujua ni nini. Siku nilipopita mbele ya kiwanda chenyewe nilisimama kama mtu aliyekutana na jirani wa kijijini.

Jimbo la zamani la Smethwick lilianza mwaka 1918 na likafa Februari 1974 mipaka ilipochorwa upya. Miaka 56 tu, lakini sidhani kama kuna jimbo jingine dogo la Uingereza lililopitiwa na mambo mengi hivyo. Uchaguzi wa kwanza kabisa, Desemba 1918, ndio ulikuwa wa kwanza wanawake wa nchi hii kuruhusiwa kupiga kura ya wabunge na kugombea. Christabel Pankhurst, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kudai kura ya wanawake, alikuja kugombea hapa. Alipata kura 8,614, na John Davison wa chama cha Labour akapata 9,389. Tofauti ya kura 775 tu! Wanawake 17 waligombea nchi nzima mwaka ule; aliyeshinda alikuwa mmoja, Constance Markievicz wa Dublin, naye hakwenda kukaa bungeni. Pankhurst ndiye angeweza kuwa mwanamke wa kwanza kuketi pale.

Davison alipoachia kiti mwaka 1926 ukafanyika uchaguzi mdogo, akashinda Oswald Mosley kwa tiketi ya Labour. Ndiye huyo huyo ambaye miaka sita baadaye alianzisha chama cha mafashisti wa Uingereza. Wakati huo Smethwick ilikuwa imeshaachana naye. 1931 kiti kilikwenda kwa chama pinzani cha Conservative. Mwaka 1945 Alfred Dobbs wa Labour akakirudisha, na siku moja baada ya kutangazwa mshindi akafa katika ajali ya gari. Hivyo Oktoba mwaka ule ule wakapiga kura tena, akaingia Patrick Gordon Walker.

Huyu Gordon Walker anatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1950, akiwa waziri wa serikali aliyesimamia uhusiano na nchi za Jumuiya ya Madola, ndiye aliyemzuia Seretse Khama kurudi kwao Bechuanaland (Botswana ya leo), kwa sababu kijana yule, mrithi wa uchifu, alikuwa amemwoa Ruth Williams, msichana mzungu wa Kiingereza, na Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wamechukia. Seretse aliishi uhamishoni Uingereza hadi 1956. Baadaye akawa rais wa kwanza wa Botswana na rafiki wa karibu wa Mwalimu katika ukombozi wa Kusini. Nikisoma habari za Gordon Walker nakumbuka kwanza hilo, hata pale ninapomwonea huruma kwa yaliyompata.

Yaliyompata ni haya. Smethwick ya miaka ya sitini ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Wapunjabi na watu wa visiwa vya Karibi walikuwa wamekuja kufanya kazi za moto kwenye viwanda vya chuma, na mwenyeji aliyesubiri nyumba ya halmashauri miaka na miaka alitafuta wa kumlaumu. Mbunge mwenyewe aliishi London. Tofauti yake ya kura ilikuwa inapungua uchaguzi hadi uchaguzi. Nyumbani tungesema ni mbunge wa kuonekana wakati wa kampeni. Mgombea wa Conservative, Peter Griffiths, alikuwa mwalimu na diwani wa hapa hapa, na alisimama juu ya jambo moja: wahamiaji wazuiwe. Mitaani ikaenea kaulimbiu kwamba anayetaka jirani mweusi ampigie Labour. Neno walilotumia badala ya "mweusi" silirudii hapa. Griffiths alikana kuitunga, ila alikataa pia kuilaani.

Oktoba 15, 1964, nchi nzima iliegemea Labour, Harold Wilson akawa waziri mkuu. Smethwick ikaenda upande wa pili: Griffiths kura 16,690, Gordon Walker 14,916. Wilson akamteua hivyo hivyo kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, lakini kwa desturi yao waziri lazima awe bungeni, basi akatafutiwa kiti kingine, Leyton, London. Januari 1965 akashindwa tena kwa kura 205, na akajiuzulu.

Hapo nilifunga kitabu nikafikiria nyumbani. Kwa sababu miezi minane baadaye, Septemba 1965, Tanzania nayo ilikuwa kwenye uchaguzi. Chama kimoja, ndiyo, lakini katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Walizunguka pamoja kwenye mikutano ile ile, kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi wala dini. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka Mwanza. Lakini yeye Mwalimu alimteua kuwa mbunge na akabaki kwenye baraza la mawaziri. Hapo Waingereza wametuzidi, nasema wazi. Aliyekataliwa na wapiga kura akae nje, hata kama ni mtu wa maana, na Bomani alikuwa mtu wa maana sana.

Ila mwaka huo huo watu wa Morogoro walimchagua Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, na Dar es Salaam wakamchagua Derek Bryceson, mzungu. Mkulima wa Morogoro wa mwaka 1965, mwenye jembe mkononi na asiye na gazeti, alimwona mgombea na si rangi yake, wakati mfanyakazi wa kiwandani Smethwick, mwenye shule na maktaba mtaani kwake, alikuwa ameshindwa miezi michache nyuma. Vijana wengi tunaoishi huku tunazungumza kana kwamba demokrasia tuliikuta uwanja wa ndege wa Heathrow. Tulikuwa na kitu. Kilikuwa na kasoro yake kubwa, ya chama kimoja, lakini ile kanuni ya kutoombea kura rangi wala kabila, Smethwick wangeikopa kwetu.

Februari 12, 1965 Malcolm X, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, alikuja hapa. Alitembea Marshall Street, mtaa ambao baadhi ya wakazi walitaka halmashauri inunue nyumba zake ili wapangishwe wazungu tu. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Kuna kibao cha kumbukumbu yake mtaani pale, na napita nikienda kwa kinyozi. Ni mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizobanana, mapipa ya taka mbele, nguo za watoto zimeanikwa dirishani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimpigie mama simu usiku. Machi 31, 1966, miezi 17 tu baada ya ushindi wa Griffiths, Waingereza walirudi vituoni, na Smethwick ikamwondoa. Aliyemshinda alikuwa Andrew Faulds wa Labour, mwigizaji wa filamu na jukwaani, mtu wa sauti nzito na ndevu. Nikafungua habari zake. Alizaliwa mwaka 1923, wazazi wake wamisionari wa Kiskoti. Mahali alipozaliwa: Isoko, Tanganyika.

Isoko! Isoko ya Ileje, kwenye milima yetu ya kuelekea Malawi. Pale hospitali ya misheni alipozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Nilisoma mstari ule mara tatu.

"Mama, kumbe mbunge wa huku alizaliwa Isoko."

"Isoko ipi, baba?"

"Yetu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni mtoto wa nani. Nikamweleza. Akasema, "Basi huyo ni wa kwetu, hata kama hakujua."

Faulds alikaa bungeni hadi 1997, kwanza kwa Smethwick, kisha kwa Warley East jimbo la zamani lilipofutwa. Mwaka 2024 jina la Smethwick lilirudi kwenye orodha ya majimbo, mipaka ikiwa si ile ile, na aliyeshinda, siku ile niliyopiga kura mimi, ni Gurinder Singh Josan, Singasinga. Miaka 60 baada ya kaulimbiu ile. Kwenye barabara kuu sasa kuna hekalu kubwa la Masingasinga na sanamu ya askari wao wa vita vikuu. Ubaguzi haujaisha, ninauonja kazini. Lakini kosa la wapiga kura wa 1964 liliishi miezi 17 likasahihishwa na wapiga kura wa jimbo lile lile, kwa penseli zile zile, bila mtu kukimbia nchi.

Hicho ndicho ninachokitamani kwao. Barabara na mishahara tutapata siku moja. Kuanguka kwa mbunge bila ugomvi, msimamizi akasoma namba zote mbele ya wagombea waliosimama mstari mmoja jukwaani, mshindi na aliyeshindwa wakapeana mikono, hicho nakitamani kiasi cha kuniliza. Kwetu mwaka 2020 tulishuhudia wagombea wakipita bila kupingwa katika baadhi ya majimbo, na matokeo ya urais yakishatangazwa Katiba inakataza mahakama yoyote kuyachunguza. Mgombea binafsi bado haruhusiwi. Mtu akiniambia haya ni mambo ya wazungu, namrudisha Septemba 1965. Waziri wa Fedha alianguka kwa karatasi ya jembe na nyumba.

Na sisi tulio nje tupewe kura. Hoja ninayoisikia ni kwamba hatujui hali halisi, tumekaa mbali. Basi huku wamempa kura mtu aliyezaliwa mlima wa pili kutoka Isoko, asiyejua hata jina la mto unaopita Birmingham, kwa sababu tu ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na anaishi hapa kihalali. Mimi nyumbani nasomesha watoto wawili wa dada yangu, najua bei ya mbolea ya msimu huu na msimu uliopita, najua daraja gani limekatika kwa sababu mama hakufika kliniki siku ile. Sidai jimbo. Nadai sanduku moja la kura ya rais pale ubalozini London, na daftari lenye jina langu.

Wakenya wameshafanya. Agosti 2022 mwenzangu mmoja wa zamu, mtu wa Kakamega, alipanda basi la alfajiri kwenda London kupiga kura ya rais wao, jioni akarudi moja kwa moja ghalani, amechoka, hajala. Wakati wa mapumziko tulikaa juu ya mapaleti akavua glavu. Wino ulikuwa bado mbichi mweusi kwenye ukucha. Nikamwomba nikishike kile kidole, akaniachia mkono.