Hakuwa chui, walikuwa siafu

Wadau, kabla hamjaendelea kucheka: huyo anayewasimulia kwamba nilivamiwa na chui kule porini alikuwa amelala. Chui hakuwepo. Walikuwa siafu, na nina alama za kuonyesha, ingawa sitawaonyesha.

Orodha ya vitu vya kubeba tulitumiwa wiki 2 kabla ya mafunzo ya kuishi porini. Kisu, kamba mita 10, turubai, tochi, filimbi, kiberiti kwenye kichupa kisichopitisha maji, sweta la sufu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: USIJE NA JINZI. Mimi herufi kubwa huwa naona ni kelele tu. Nikaja na jinzi 2, moja ya kutembelea, moja ya kupigia picha.

Mtu wa Tanga mjini, baridi naijua ile ya friji. Msitu wa Magamba uko juu ya Lushoto, na Lushoto yenyewe ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Tena Julai, kipupwe. (Kama hujafika kule Julai, usinicheke. Nenda kwanza.)

Siku ya kwanza tukavuka kijito, jinzi ya kwanza ikalowa. Ya pili ilikuwa kwenye begi, begi halikufungwa, na manyunyu hayakuuliza. Mkufunzi, tuliyemwita Afande, akaikamua mbele ya darasa zima. Maji yakachuruzika kama tambara la deki.

"Kijana, pamba ikilowa haikauki huku, inakunyonya joto tu. Umebeba nini kingine?"

Kanga, Afande. Mama aliichomeka begini akisema, "Mwanangu, kanga haikosi kazi." Nyekundu, maandishi meusi: SEMENI MTACHOKA, MUME NINAYE. Afande akaisoma kwa sauti. Nikajifunga kiunoni.

Saa 8 usiku haja ndogo ikanibana. Nikatoka na kanga yangu, filimbi shingoni, tochi sina. Betri zake nilizisahau kwenye rimoti nyumbani. Nikapapasa mpaka kwenye mti mmoja, nikasimama. Ardhi ilikuwa laini, kama inasogea. Nikasema ni majani. Kitu kikapita juu ya kidole gumba. Kingine ugokoni. Kingine nyuma ya goti, taratibu, kama fundi cherehani anachukua vipimo. Na hakuna aliyeuma! Jamani, siafu wana nidhamu. Wanapanda kimya, kila mmoja anatafuta kiti chake, halafu yupo mmoja, nadhani ndiye mwenyekiti, anafungua kikao.

Walikuwa wamefika wapi kikao kilipofunguliwa, sitaandika. Mama anasoma hapa.

Sasa, mchana wake tulifundishwa: ukiwa hatarini porini, puliza filimbi mara 3. Katika orodha yote ile, filimbi ndicho kitu pekee nilichobeba sawasawa. Nikapuliza. Mara 3, nikatulia, mara 3 tena. Mkono mmoja umeshika filimbi, wa pili unahangaika na fundo la kanga. Fundo likakubali. Kanga ikashuka, na wakati huohuo tochi 11 zikanimulika usoni. Natamani ingekuwa usoni.

Watu wamekuja mbio na visu na kamba, tayari kuokoa roho ya mtu. Wakamkuta baba mzima anacheza mdundiko uchi gizani, filimbi mdomoni, na kila akitaka kulia inatoka "fyuuu".

Afande akanitazama. Akasema, "Ishara ni sahihi."

Yaliyofuata ni mafupi. Siafu ukimvuta, kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania; nilichomolewa vichwa mpaka kukakucha na watu ambao sijui hata majina yao ya ukoo. Basi la kwanza, Mombo, nyumbani. Nafungua simu, kundi letu la WhatsApp limeshabadilishwa jina: Mume Ninaye.

Mama naye habari za siafu hataki kuzisikia. Anauliza kanga iko wapi, maana doti imebaki upande mmoja.