Zima-washa si ufundi

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kompyuta ikiganda dawa ni moja: zima, washa. Kwa king'amuzi na simu ya mkononi sina ugomvi na dawa hiyo. Ugomvi wangu unaanza pale inapopelekwa kwenye seva ya Linux iliyobeba mafaili ya watu, eti kwa sababu amri fulani haijarudi. Amri isiyorudi kwa kawaida haijafa. Inasubiri kitu, na mashine iko tayari kukutajia kitu hicho ukiiuliza kabla hujachomoa waya.

Chukua hii ya msimu wa mvua uliopita, kwenye ofisi moja ninayowaangalizia mitambo. Umeme ulikatika, ukarudi. Kijana wa zamu akaandika `df -h` aone diski zimebaki na nafasi kiasi gani. Kimya. Akabonyeza Ctrl+C, amri ikakatika. Akairudia, ikaganda tena palepale. Akafungua dirisha jingine akaikuta na prosesi (programu inayoendeshwa) ya bakapu imeganda tangu asubuhi. Hiyo akaipiga `kill -9`, ishara namba tisa ya kuua kwa nguvu. Ikabaki pale pale kwenye orodha.

"Kaka, hii haisikii hata tisa. Nizime?"

"Usizime, mdogo wangu. Iulize kwanza inasubiri nini."

Akaandika `sudo ps -eo pid,stat,wchan:32,cmd`. Ukitaka kukariri amri moja tu kwenye makala hii, kariri hiyo. Safu ya pili inakupa herufi ya hali ya prosesi. R inafanya kazi au iko kwenye foleni ya kupata prosesa. S imelala na ishara ikija itaamka. T imesimamishwa, pengine na mtu aliyebonyeza Ctrl+Z bila kukusudia, nawe utairudisha kwa `fg`. Z imekwisha, inangoja tu mzazi wake aje kuchukua taarifa ya mwisho. Kuipiga tisa ni kumpiga maiti. Halafu kuna D, na zetu zote mbili zilikuwa D.

D maana yake prosesi imeingia ndani ya keneli, kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, na inangoja jibu, mara nyingi kutoka diski au mtandao, na haitaki kusumbuliwa mpaka jibu lije. Ndiyo maana tisa haikufua dafu: ishara imepokelewa, imewekwa kando, itasomwa prosesi ikitoka huko ndani. Ni kama abiria aliyekaa stesheni ya Tabora akingoja behewa la Kigoma. Mfokee upendavyo, aliyechelewa ni treni. Toleo la keneli 2.6.25, la mwaka 2008, lilileta aina ya D inayokubali kufa ukiiua, na NFS, njia ya kutumia diski ya mashine nyingine kupitia mtandao, ilikuwa miongoni mwa walioitumia mapema. Ndiyo sababu `df` ilikatika kwa Ctrl+C na bakapu ikagoma: zilikuwa zinangoja sehemu mbili tofauti za keneli.

Safu ya tatu ndiyo iliyomaliza ubishi. Mbele ya `df` paliandikwa `rpc_wait_bit_killable`. Huhitaji kuwa mwandishi wa keneli kuisoma. Hizo herufi tatu za mwanzo, rpc, zinasema kuna mashine nyingine imeulizwa swali na haijajibu. Tukasoma `/proc/mounts`, ambayo haiendi kuigonga diski yenyewe kwa hiyo haigandi, tukaona mstari wa NFS wenye anwani ya mashine ya kuhifadhia iliyoko chumba cha nyuma. Tukaibishia hodi kwa `ping`, hakuna jibu. Kwenda kuangalia: mashine ile haikuwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, na umeme uliporudi haikuwaka yenyewe. Kijana akabonyeza kitufe. Baada ya muda `df` ikatema orodha yake, bakapu ikaisoma ile tisa iliyowekwa kando ikafa, tukaianzisha upya, na kwenye `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, mstari wa "not responding, still trying" ukafuatiwa na "OK".

Sasa fikiria tungezima seva. Inapojizima hujaribu kufunga mafaili yote, ikiwemo hiyo diski ya mtandaoni ambayo mwenyewe hayupo, na ingeganda hapo pia. Mtu angechomoa waya bakapu ikiwa katikati. Na ikiwaka ingeitafuta tena ile mashine ya chumba cha nyuma, ambayo bado imezimwa.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuweka NFS kwa `soft` badala ya `hard`, ili ikikosa jibu irudishe kosa na maisha yaendelee. Kwa diski ya kusoma tu, sawa. Kwa diski inayoandikwa, sikubaliani nao. Programu nyingi hazijali kosa la kuandika. Zitakwambia kazi imekwisha huku nusu ya faili haipo. Heri inayoganda nikaiona. Kwenye skripti za uangalizi weka `df -l`, inaziruka diski za mtandaoni. Wengine huweka `timeout` mbele ya amri ili ikatwe muda ukizidi, nayo ni nzuri, ila ikikutana na D isiyokufa yenyewe pia itakaa kungoja.

Si kila kuganda ni D, bila shaka. Umeandika `grep` ukasahau jina la faili? Inakusubiri wewe uandike. Ukiichungulia kwa `strace -p` na namba yake utaona `read(0,` imeachwa wazi, na hiyo sifuri kwa kawaida ni kibodi yako. Skrini nzima imeganda? Huenda ulibonyeza Ctrl+S, bonyeza Ctrl+Q. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, inachukua muda mrefu kabla ya kukuomba nywila? Angalia DNS, huduma inayotafuta majina na anwani za mashine, kabla hujailaumu intaneti ya Kigoma, ambayo ina lawama zake za kutosha. Kawaida kila swali la DNS lisilojibiwa hungoja sekunde 5 kabla ya kujaribu tena.

Kinachonikera zaidi ni fedha. Linux inapohesabu mzigo wa mashine, inazihesabu na prosesi za D. Kwa hiyo `top` inaweza kuonyesha mzigo wa 30 huku prosesa imekaa haina kazi. Nimeshaona watu wakiangalia namba hiyo moja na kuanza kuandika maombi ya kununua seva mpya, wakati shida ilikuwa waya wa swichi.

Wakati wa kuzima upo. Lakini kwanza nakili pembeni majibu ya `ps` na mistari ya mwisho ya `dmesg`. Ukikuta "I/O error" yenye jina la diski ya ndani, kama `sda`, toa mikono kwenye kitufe: diski inayokufa inaweza isiwake tena, na saa hiyo ambayo seva bado inapumua ndiyo pekee uliyonayo ya kuhamisha mafaili. Kama hakuna hiyo, umeshajua kinachosubiriwa na hakiwezi kurudi, zima. Sina neno.