Jalada la Bia

Miaka sita nilikuwa afisa ustawi wa jamii Tanga, na kazi ile ina ugonjwa wake: humwamini mtu. Mtoto akija na kidonda gotini, wenzako wanaona kaanguka, wewe unaona jalada. Mke wangu alifika mahali akaacha kunijibu "niko salama", maana nilikuwa namuuliza, "Salama kwa kiwango gani?"

Mradi ukaisha, wafadhili wakafunga mabegi, nikabaki na shahada na Kiingereza cha kuandikia ripoti. Rafiki akanidokeza kwamba Thailand wanatafuta walimu wa Kiingereza. Nikasoma kozi ya saa 120 mtandaoni, nyingi kati ya hizo nikisinzia kwenye daladala, na baada ya makaratasi ambayo sitayasimulia hapa nisije nikalia, nikajikuta shule ya msingi kijijini, mkoa wa Nakhon Ratchasima. Mpunga kushoto, mpunga kulia.

Mimi naitwa Mashaka. Wathai hawana "sh", kwa hiyo nikawa Khru Machaka. Khru ni mwalimu. Machaka mnayajua.

Wiki ya kwanza nilipewa maonyo mawili: saa mbili kamili asubuhi ni bendera, na nisimguse mtoto kichwani hata kwa kumpongeza, kwao ni kukosa adabu. Nikayashika yote. Kuhusu majina hakuna aliyeniambia kitu.

Nikawapa darasa la nne insha: familia yangu. Jioni nasahihisha, shati nimelivua kwa joto, nakutana na daftari la binti mmoja mpole wa dawati la mbele. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikielewa hivi: "Kila usiku nalala na bia. Asubuhi bia inanipeleka shule. Baba yuko Bangkok, akipiga simu anaulizia bia. Jana bia ilimliza mama. Bibi anaipenda bia kuliko sisi sote."

Nikavaa shati. Kuna mambo huwezi kuyasoma kifua wazi.

Mtoto yuko kwenye mazingira hatarishi! Analala na chupa, anapakiwa na mlevi, baba mtoro, na bibi ndiye kinara. Nikamwandikia mwalimu mwenzangu, mama wa makamo anayefundisha hesabu, kwa LINE, ile WhatsApp ya huku: "Khru, huyu mtoto kwao kuna tatizo la bia. Ni zito. Tufanyeje?" Baada ya dakika akajibu: 55555.

Nikaelewa mara moja. Kwetu simu ya huduma kwa mtoto ni 116, basi huku itakuwa 55555. Nikasema wenzetu wako makini, hata maswali hawaulizi. Nikaipiga. Haiendi. Nikaipiga tena nimesimama dirishani, nikihisi shida ni mtandao. Nikaipiga mara ya tatu nikiwa juu ya stuli.

Jumamosi nikaamua kuitembelea kaya mwenyewe. Nilichukua daftari, kalamu mbili, na programu ya kutafsiri kwenye simu. Nyumba ya mbao juu ya nguzo. Nikavua viatu, bibi akaniletea maji baridi, mtoto akafurahi kuniona kama vile ni sikukuu. Nikaandika: "Mtoto anaficha maumivu."

Ili nisimwaibishe mtu nikamuuliza bibi kwa upole, kupitia simu, bia wanaiweka wapi. Sikuhitaji hata simu, kwani kwa Kithai bia huitwa bia, kama Tanga tu. Bibi uso ukamchanua. Akageukia mgombani, akapaza sauti: "Biaaa! Biaaa!"

Nikaandika: "Wanaiita."

Akatokea kijana wa miaka kama kumi na saba, kifua wazi, panga mkononi, tabasamu hadi masikioni. Akaweka panga chini, akakutanisha viganja, akainama. Bibi akamwonyesha kwa fahari: Bia. Mjukuu wake wa kwanza. Huyu ndiye analala chumba kimoja na wadogo zake, ndiye anampeleka dada yake shule kwa pikipiki, na ndiye aliyemliza mama kwa kufeli mtihani. Kumbe Wathai karibu wote wana jina la utani wanalopewa tangu uchanga, na wazazi hawajibani. Nyuma ya Bia akatokea mdogo wake mwingine, Benki.

Kosa nalitupia Kiingereza. Kingekuwa Kiswahili, ngeli ingeniokoa: bia inapeleka, Bia anapeleka, na mimi Jumamosi yangu ningefua nguo. Mtoto alikuwa ameandika Bia kwa herufi kubwa, ni kweli, ila aliandika hivyo hivyo Mchele na Kuku.

Bibi akataka kujua na mimi jina langu lina maana gani. Nikafikiria kudanganya. Lakini nimekunywa maji ya watu. Nikalitamkia simu kwa Kiswahili: mashaka. Simu ikatafakari, ikamsomea. Bibi akanitazama, akalitazama daftari langu na kalamu zangu mbili, akaniuliza kwa upole wa kiofisi kabisa, ule ule wangu: nyumbani kwenu, mwanangu, kulikuwa na tatizo gani?

Nikajieleza. Mama alinizaa kwa shida, wakati wa mafuriko, na shangazi yangu anaitwa Tabu. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongeza wali.

Jumatatu nikamlalamikia mwalimu wa hesabu kwamba ile namba ya dharura haipatikani. Akaniuliza namba ipi. Nikamwonyesha. Akakaa kwenye ngazi. Alipopata pumzi akanieleza kwamba tano kwa Kithai husomwa "ha".

Kabla bendera haijafika juu, kundi la walimu lilikuwa limeshapewa habari. Nilizihesabu tano nikiwa mstarini, mkono wima, uso mkavu. Zilikuwa 38, na mwalimu mkuu alikuwa bado anaandika.