Usimwambie mwanangu "kidogo tu"

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kweli. Hakikuzidi ukubwa wa kidole gumba. Ilikuwa keki ya siku ya kuzaliwa ya binamu yake, na bibi yake alikimega pembeni, akakishika kwa vidole viwili, akamsogezea mdomoni. "Kula, mjukuu wangu. Kidogo tu, hakitakudhuru." Binti yangu ana miaka 8. Akanitafuta kwa macho asinione, maana nilikuwa chumba cha pili napanga viti. Akala.

Usiku ule alitapika mara mbili. Siku tatu zilizofuata alishinda amejikunja kitandani, magoti kifuani, tumbo limejaa kama ngoma. Ila kilichonichoma zaidi ni maneno aliyoniambia asubuhi ya pili, akiwa ameegemea bega langu: "Baba, sikujua nimkatalieje Bibi."

Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo.

Binti yangu ana ugonjwa wa siliaki. Kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni, yaani ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), inageuka na kuushambulia utumbo mdogo wa mwenyewe. Daktari alitueleza kwa mfano wa taulo. Ukuta wa utumbo una vinyuzi vidogo vidogo vilivyosimama kama manyoya ya taulo jipya, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki anayeendelea kula ngano, vinyuzi vile vinaliwa mpaka taulo linabaki kitambaa kitupu. Chakula kinaingia, kinapita, kinatoka, na mwili haujapata kitu.

Ndivyo tulivyoishi miaka miwili bila kujua. Mtoto anakula na haongezeki. Vidonda mdomoni vinapona vinarudi. Damu pungufu, na vidonge vya madini ya chuma havifui dafu. Akitoka shule anaanguka kwenye kochi na viatu miguuni. Nilimwita mvivu. Kuna jioni nilimkatalia kuinuka mezani mpaka amalize mkate wake, nikiamini kwamba namlea, naye akaumaliza huku machozi yanamtiririka. Jioni ile siisahau.

Hapa niseme neno moja kwa mzazi anayesoma haya na ameshaanza kushuku: usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza wakati gluteni ipo. Ukiiondoa mapema zinashuka, na majibu yanaweza kuja safi ilhali ugonjwa upo. Sisi tulitaka kukimbilia kuiondoa, daktari akatushika mkono akasema ngojeni. Baada ya damu, wakamwingiza kamera kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo. Kisha wakatuita sisi wengine, kwa kuwa ndugu wa damu wa karibu, mzazi au mtoto au ndugu wa tumbo moja, ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi kuwa nao. Mama yake, kaka yake na mimi, sote tulikutwa hatuna.

Dawa ya kumeza hakuna. Tiba iliyopo ni moja: kuacha gluteni yote, maisha yote. Na tiba hiyo ina historia ambayo inanigusa kila ninapoikumbuka. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Haas, alianza kuwalisha watoto wa namna hii ndizi kwa wingi na kuwanyima mikate na vyakula vingi vya wanga. Wakapona, na kwa miaka mingi watu wakaamini kwamba siri iko kwenye ndizi. Aliyefumbua fumbo alikuwa Mholanzi, Willem Karel Dicke, daktari wa watoto pale The Hague. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ukaja msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945, Uholanzi ikakumbwa na njaa kali, mkate ukaadimika. Watu walikuwa wanakufa, na katikati ya njaa ile watoto wenye siliaki hali yao ikawa nafuu. Unga uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 akayaweka yote kwenye tasnifu yake. Namfikiria mara nyingi daktari yule, kwamba hakuishia kushangaa. Alikaa na swali lake miaka hadi likapata jibu.

Sasa, hiyo "kidogo tu".

Watafiti wamejaribu kupima ni kiasi gani kinachodhuru. Imeonekana kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Slesi moja ya mkate wa ngano ina gramu 2 au zaidi. Igawe slesi hiyo vipande arobaini: kimoja tu, chembe unayoipangusa mezani kwa kiganja bila hata kuiangalia, ndicho hicho. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula, vile vya Codex, vinataka bidhaa inayoitwa "bila gluteni" isizidi miligramu 20 kwa kilo. Mtu anaposema "kidogo tu" anadhani anazungumzia lishe kama ile ya kupunguza uzito, ambayo ukiteleza leo unarekebisha kesho. Kwa huyu mtoto hakuna kuteleza. Na ubaya ni kwamba si kila mara tumbo litalia. Wapo wanaokula, hawasikii maumivu, na ndani vinyuzi vinaendelea kuliwa, mpaka siku mifupa inapokutwa imepungua nguvu.

Nyumbani tulianza na mfumo wa sufuria mbili. Chakula chake huku, chetu kule. Mwiko wake ulikuwa na kamba nyekundu, sahani zake kwenye rafu ya juu. Tulijiona tumejipanga sawasawa. Miezi minne baadaye kipimo cha damu kikaonyesha kingamwili bado ziko juu, na hatukuelewa kwa nini.

Nikaja kuelewa jikoni, saa kumi na mbili asubuhi, nimesimama mbele ya kopo la siagi. Jua lilikuwa linaingia kwa pembeni, nikafungua kifuniko, na mle ndani, kwenye siagi ya njano laini, niliona chembe za mkate. Nyingi. Nyingine zimezama, nyingine zimebaki juu kama mchanga. Kila mmoja wetu alikuwa anapaka mkate wake, anarudisha kisu kwenye kopo, anapaka tena. Halafu yeye anakuja na kiazi chake cha kuchemsha, anachota siagi ile ile. Miezi minne. Nikaendelea kuangalia: tosta imejaa makombo, chungio la tambi lina utando kwenye matundu ambao hautoki hata kwa brashi, mwiko wa mbao umepasuka na umenyonya kila kitu, mtungi wa jamu una hali ile ile ya siagi. Yote hayo tulikuwa tunayagusa kwa mapenzi mema.

Wiki ile tukatoa ngano nyumbani, yote. Mke wangu alisita, na sababu zake zilikuwa na uzito: kwa nini watu watatu wazima wa afya wanyimwe kwa ajili ya mmoja? Jibu langu lilikuwa, na bado liko hivyo, kwamba nyumbani ndipo mahali pekee duniani ambapo mtoto huyu angeweza kunyoosha mkono kuchukua chochote bila kuuliza. Kote kwingine itabidi aulize. Shuleni aulize, kwa jirani aulize, akiwa mtu mzima kazini aulize. Hata akialikwa chakula na mtu anayempenda, atauliza kabla hajaonja. Tumpe walau meza moja asiyolazimika kuikagua.

Si kila familia itaweza, nalijua hilo. Wapo wanaoishi na sufuria mbili miaka na miaka na mgonjwa wao anaendelea vizuri, kwa kuwa wana uangalifu kuliko tuliokuwa nao sisi. Lakini nikiulizwa, nasema chungu kimoja.

Na chungu kimoja si umaskini kama tulivyoogopa. Mchele, mahindi, mtama, viazi, mihogo, maharagwe, nyama, samaki, mayai, maziwa, matunda, mboga: vyote havina gluteni kwa asili yake, alimradi havijachanganywa na kitu njiani. Kosa tulilofanya mwanzoni ni kununua mikate na biskuti za "bila gluteni" ili kuziba pengo la mkate. Ni ghali, nyingi zina sukari na mafuta ya ziada na nyuzinyuzi chache, na mtoto alikuwa anafunga choo. Tulipoacha kuuiga mkate na kupika vilivyo salama tangu mwanzo, mambo yakatulia.

Kwa kaka yake, mwenye miaka 12, hayakutulia haraka. Alimwaga hasira siku moja mezani: "Kila kitu siku hizi ni yeye." Mama yake alitaka kumkemea, nikamwomba amwache aseme. Alikuwa na haki. Alipoteza mkate wake wa asubuhi kwa ugonjwa asiokuwa nao, na hakuna aliyemuuliza. Watoto wenye afya katika nyumba zenye mgonjwa wanasahaulika sana, na wakilalamika wanaambiwa hawana huruma. Tukakubaliana kwamba nje ya nyumba anakula anachotaka, na Jumamosi mimi na yeye tunatoka wawili kwenda kula mkate. Hatumzungumzii dada yake siku hiyo. Akirudi ananawa mikono na kusukutua mdomo mlangoni. Hilo la kusukutua hatukumwagiza, alilianza mwenyewe.

Nje ndiko kugumu. Kusoma lebo nimejifunza kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Ngano ina majina: semolina, bulguri, kuskusi, zote ni ngano. Kimea kwa kawaida ni shayiri, na kinajificha kwenye nafaka za asubuhi na kwenye vinywaji. Mchuzi wa soya mara nyingi umetengenezwa kwa ngano pia. Mgahawani wanakuambia viazi vyao havina ngano, na ni kweli, lakini vimekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kuku aliyepakwa unga. Na siku hizi wapo wanaoikwepa gluteni kwa mtindo tu, leo wanaikataa kesho wanaiomba, kwa hiyo mhudumu akisikia neno hilo anadhani ni maringo. Sina ugomvi nao, wale watakacho. Ila wajue kwamba nyuma yao kuna mtoto anayehitaji aaminiwe.

Na nirudi pale kwa Bibi, maana sikumaliza. Kwa muda nilimkasirikia. Kisha nikajiuliza: nani alimweleza? Mimi nilimwambia kwa simu, kwa haraka, kwamba "mtoto haruhusiwi ngano". Mama yangu amelea watoto sita. Kwake yeye kumnyima mtoto chakula ni ukatili, na kumlisha kwa mkono wake ndiyo lugha yake ya upendo. Nilimwachia binti wa miaka 8 kazi ya kumkatalia mtu mzima anayempenda, mbele ya wageni, huku tumemfundisha tangu azaliwe kwamba mkubwa hakataliwi. Hiyo kazi ilikuwa yangu. Ni yangu mimi na mama yake na shangazi zake na walimu wake, mpaka atakapokuwa mkubwa wa kuibeba. Tunapopeleka mtoto wa namna hii kwenye sherehe, mmoja wetu awe amekwisha sema "hapana" kabla mtoto hajafika, kwa kila anayeshika sahani.

Nilikwenda kwa mama nikakaa naye. Nikamchorea lile taulo kwenye karatasi, zima na lililoliwa. Alinyamaza kitambo, akaitazama picha, halafu akaniuliza: "Kwa hiyo mimi nilimuumiza?" Nikamwambia, "Hukujua, mama, nami ndiye nilipaswa kukujulisha." Alilia, nami nikalia. Siku hizi akija kwetu anavaa miwani na kugeuza kila pakiti. Juzi alinipigia akiwa amesimama dukani, anataka kujua kama dondoo la kimea ni kitu kimoja na kimea.

Mwezi ujao darasa lao linasafiri kwa siku nne, safari yake ya kwanza bila sisi. Nimezungumza na mpishi, na juzi usiku niliandika barua ya kumpelekea: sufuria safi, mafuta mapya, asitumie mwiko wa mbao, yeye apakuliwe wa kwanza kabla ya kijiko kuzunguka. Niliianza kwa maneno "Binti yangu ni mgonjwa wa siliaki." Asubuhi nikaikuta mezani, penseli iko juu yake. Alikuwa amekata neno "mgonjwa" kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake ameandika kwa herufi zake kubwa: "Hali ngano, shayiri wala rai. Anapenda viazi."

Nimeinakili upya kama alivyoirekebisha.